Kigari cha Kukodi na Kilwa Tatu

Dar es Salaam bado kuna imani kwamba safari ya kusini ni ya Land Cruiser. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na foleni yake iliweza kumlaza mtu. Hata baada ya daraja hilo, lenye urefu wa karibu kilomita moja, kipande cha kilomita 60 hivi kutoka Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa cha udongo kwa miaka mingi, na kila masika mabasi yalizama humo na abiria wakalala njiani. Aliyekulia katika habari hizo akisikia mwenzake anakwenda Kilwa na Toyota IST, hucheka. Mimi naona kicheko hicho kimepitwa na wakati. Lami imeunganika toka Mbagala hadi Lindi na Mtwara, na kwa mtu anayetaka kuiona Kilwa pamoja na pwani ya Lindi, gari dogo la kukodi, la bei ya chini, lenye injini ya lita moja na nusu au pungufu, ndilo la kufikiriwa kwanza. Sisemi hivyo kwa sababu ya kubana matumizi tu, ingawa matumizi nayo nitayafikia. Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi Kilwa yenyewe ilivyokaa.

Wazungu wana mazoea ambayo hatujayaiga vya kutosha. Mtu hushuka uwanja wa ndege wa Lisbon, akakodi kigari kidogo kuliko vyote, akautazama mji kwa siku mbili, kisha akatoka kwenda Sintra na Cascais, kwa sababu anajua mji mkuu hauelezeki bila vijiji na bandari zilizoulisha. Nimeutaja Lisbon makusudi. Katika jumba la makumbusho la sanaa za kale la mji huo kuna chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506, na dhahabu yake ni ile ambayo Vasco da Gama alimtoza mtawala wa Kilwa mwaka 1502. Mtalii wa kigari cha Lisbon, kwa hiyo, huenda akaiona dhahabu ya Kilwa kabla Mtanzania hajaiona Kilwa. Nayo Kilwa ilikuwa mji mkuu kwa maana kamili: masultani wake walitia mkono katika biashara ya dhahabu ya Sofala, wakapiga sarafu zao za shaba, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri aliyopata kuiona. Kama Lisbon inastahili kuzungukwa na viunga vyake, sioni kwa nini Kilwa iishie kwenye picha ya magofu mawili matatu.

Tena Kilwa ni tatu. Kilwa Kisiwani ndiyo ya masultani. Kilwa Kivinje, kaskazini yake na upande wa bara, ndiyo iliyonenepa katika karne ya 19 kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Ziwa Nyasa, kisha ikawa makao ya Wajerumani. Kilwa Masoko ndiyo ya leo, yenye ofisi za wilaya, gati, kiwanja kidogo cha ndege na nyumba za wageni. Utawala na biashara vimekuwa vikihama kutoka moja hadi nyingine kadiri vyombo vya usafiri vilivyobadilika: jahazi la bahari kuu lilitaka bandari yenye kina na kisiwa cha kujihami, msafara wa miguu ulitaka ufuko wa bara, na dola ya kisasa ikataka gati na barabara. Anayeiona moja tu kati ya hizo tatu anapata theluthi ya habari. Kutoka Masoko hadi Kivinje si mbali, ni kilomita zisizofika 30, lakini ni umbali ambao mtu asiye na usafiri wake huuahirisha, halafu siku inakwisha.

Njia yenyewe nayo ni sehemu ya somo. Ukishaziacha Mkuranga na Kibiti, ukafika Ikwiriri na kulipanda daraja, upande wa kushoto mto unaelekea kwenye delta yake, penye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Huuoni kutoka darajani, lakini inafaa ujue uko huko, kwa sababu boriti za Rufiji zilijenga nusu ya pwani na zikavushwa hadi Arabuni. Ukisimama baadaye ndani ya nyumba ya mawe Kisiwani utashangaa vyumba vilivyo virefu na vyembamba kama ushoroba. Upana wake mara nyingi haufiki mita tatu. Fundi hakukosa mawe wala chokaa. Alifungwa na urefu wa boriti iliyobeba dari. Mtu aliyeruka na ndege hadi Masoko ataambiwa jambo hilo na mtembeza wageni na kulisahau. Aliyeuvuka Rufiji saa chache kabla atalielewa bila kuelezwa sana. Baada ya mto ndipo unapoifikia Muhoro, alikonyongwa Kinjeketile Ngwale, mganga wa Vita vya Maji Maji, mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, na mkono wa kulia vinasimama vilima vya Umatumbi vilikoanzia vita hivyo. Basi linapita Muhoro kwa dakika moja au mbili.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito: basi ni rahisi zaidi, linaondoka Mbagala alfajiri, na huko mwisho wa safari kuna bodaboda na bajaji. Kwa mtu mmoja anayekwenda Kisiwani na kurudi, sina cha kubishana, apande basi. Lakini basi la kusini limepangwa kumfikisha mtu mwisho wa tiketi yake, wala si kosa lake. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanakushusha Nangurukuru, njia panda yenye vibanda, mahindi ya kuchoma na madereva wa bajaji, kisha yanaendelea. Kuanzia hapo kila sehemu unayotaka kuiona ni mapatano mapya ya bei, na mgeni hupatana vibaya. Ukijumlisha Nangurukuru hadi Masoko, Masoko hadi Kivinje na kurudi, kisha kurudi Nangurukuru kusubiri basi la Lindi ambalo huenda limejaa, utakuta akiba imepungua na muda umekwisha kabisa. Kuna na jambo la Somanga. Kile ni kijiji cha wavuvi kilichokaa pua na mdomo na barabara, na ndipo bomba la gesi ya Songo Songo linapotoka baharini kuanza safari ya kwenda Dar es Salaam, kazi ambayo limekuwa likiifanya tangu mwaka 2004. Mwenye gari anaweza kuegesha, akala samaki wake kwa utulivu, akatazama mashua zinavyopwelewa kando ya mitambo ya gesi. Abiria wa basi ananunua samaki dirishani.

Sasa hesabu. Kutoka Dar es Salaam hadi Masoko ni kama kilomita 300. Kigari cha aina ya IST, Vitz au Passo kikiendeshwa kwa adabu kinakwenda kilomita 15 kwa lita moja barabara kuu. Kwenda na kurudi ni lita 40, na petroli ikiwa kwenye shilingi 3,000 hivi kwa lita, hiyo ni 120,000. Ukiongeza mizunguko ya Kivinje na safari ya Lindi, ambayo kwenda na kurudi toka Nangurukuru inapita kilomita 300, mafuta yanapanda kama maradufu. Wagawie watu wanne, kila mmoja anabeba elfu sitini. Kodi ya gari kwa siku inategemea mwenye gari na msimu, na mapatano yapo, lakini nayo ikigawanywa kwa wanne inakuwa mzigo wa kawaida. Land Cruiser ile inayodhaniwa ya lazima hunywa mafuta mara mbili au zaidi, na kodi yake iko kwenye daraja jingine kabisa. Mara nyingi huja na dereva anayelipwa posho na kulala kwake. Tofauti hiyo ya fedha ndiyo ninayoipigania. Ikibaki mfukoni inaweza kumlipa nahodha wa mashua ya kwenda Songo Mnara, mtembeza wageni wa kijiji na mama ntilie wa Kivinje. Ikiishia kwenye tangi la mafuta, Kilwa haiambulii kitu.

Wengine watasema: gari la nini wakati Kilwa yenyewe iko kisiwani? Kweli, gari linakomea Masoko. Unaliacha, unakwenda kuchukua kibali, kwa kuwa magofu ya kisiwani sasa yako chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, kisha unavuka mlango wa bahari wa kilomita mbili hivi kwa mashua. Naona hilo ni jema. Kisiwa hakihitaji magari, na msafiri anahitaji kulazimishwa kutembea. Ngome inayoitwa Gereza ndiyo inayokupokea; Wareno waliweka ngome pale mwaka 1505 baada ya kuuteka mji, na jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani waliolijenga upya yapata mwaka 1800. Mbele kidogo kuna Msikiti Mkuu wenye sehemu mbili zisizofanana: ile ndogo ya kaskazini ya kale zaidi, na upanuzi wa karne ya 14 wenye kuba na nguzo. Nguzo za upanuzi huo zinastahili kutazamwa kwa karibu. Baadhi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na pale lipu ilipobanduka unaona matundu na nyuzinyuzi za matumbawe yenyewe, kiumbe kilichotolewa baharini kikiwa bado laini, kikachongwa, kikaachwa kigumu juani.

Husuni Kubwa iko mbali na msikiti, juu ya mwinuko unaotazama bahari, na njia ya kwenda huko ndiyo inayowashinda wageni wa meli za kitalii, maana saa zao zimehesabiwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliijenga mwanzoni mwa karne ya 14, vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogea lenye pande nane. Birika hilo limebaki na umbo lake hata leo, pembe zake zikiwa zimekatwa kwa usahihi unaomwaibisha fundi wetu wa matofali ya saruji. Jumba halikukaliwa kwa muda mrefu. Linaonekana kama mradi wa mtu mwenye fedha za Sofala aliyetaka kujilinganisha na wafalme wa ng'ambo, na mimi siwezi kulitazama bila kufikiria majumba fulani ya siku hizi. UNESCO iliyaandika magofu ya Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayaweka kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, ikayatoa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyatengeneza. Wageni wa meli wanaopelekwa moja kwa moja kisiwani na kurudishwa melini wanayaona hayo yote. Wasichokiona ni Kivinje, na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba wameiona Kilwa.

Kivinje ndiyo hoja yangu kuu ya gari. Hakuna kivuko cha watalii kinachokwenda pale wala kibao kikubwa kinachokuita. Ni mji unaoishi ndani ya majengo yake yaliyochakaa: milango ya nakshi iliyopauka, maghorofa ya wafanyabiashara wa Kihindi yaliyoota mimea kwenye kingo, majengo ya Wajerumani karibu na ufuko yaliyobaki kuta, na chini yake wavuvi wakitengeneza nyavu. Pale Mwembe Kinyonga ndipo Wajerumani walipomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga, mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Jina la mahali limemtunza kuliko kitabu chochote cha shule. Husikii hadithi hiyo ukiwa na haraka ya kuwahi bajaji. Kivinje inataka mtu aegeshe chini ya kivuli, asalimie wazee barazani, aulize, aachwe asubiri, kisha aongozwe na kijana anayejua nyumba ya nani ni ipi. Hapa ndipo kigari kidogo kinapolishinda lile kubwa. Land Cruiser yenye vioo vyeusi ikiingia kwenye mitaa ile myembamba, watu wanadhani ni mradi au ni serikali, na mazungumzo yanageuka kuwa orodha ya mahitaji. IST ni gari la mwalimu, la mwenye duka la dawa, la shemeji aliyetoka Dar. Unaingia nayo kama mtu, ukipiga hodi unakaribishwa.

Mvua ni pingamizi ambalo sitalipuuza. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za El Niño zikifuatiwa na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi sehemu kadhaa, Somanga ikiwemo, na maelfu ya abiria na malori wakakwama. Wapo wanaolitumia tukio hilo kuthibitisha kwamba kusini bado kunataka gari kubwa. Lakini daraja likisombwa, Land Cruiser inakwama pale pale inapokwama Vitz. Maji ya mto Matandu hayaulizi tairi zako zina ukubwa gani. Jambo ambalo Hidaya ilithibitisha ni kwamba kuna miezi ya kwenda na miezi ya kukaa nyumbani. Juni hadi Oktoba ni majira mazuri, kaskazi imekwisha, kusi inavuma, ardhi imekauka, na mwisho wake ufuta unakuwa umeshavunwa na korosho zinaanza. Kuanzia Machi hadi Mei nashauri mtu asiende kwa gari lolote la kukodi, kwa sababu siku za kukwama barabarani mwenye gari atazihesabu kama siku za kodi.

Kuhusu ubovu wa magari ya bei nafuu, ni kweli, baadhi ni mabovu. Dawa yake ni kulikagua gari kabla ya kutoa hela, mchana, injini ikiwa baridi. Tazama tairi zote pamoja na ile ya spea, maana spea yenye upepo ni bidhaa adimu; fungua buti uone jeki na spana ya magurudumu vipo; washa taa, vuta breki, sikiliza miguu ya mbele ikipita kwenye tuta. Uliza kama bima ni kubwa au ndogo, na uhakikishe mkataba unaandika wazi kwamba gari linaruhusiwa kutoka nje ya Dar es Salaam, kwa kuwa wenye magari wengi hudhani unalichukua kwa harusi ya Mbezi. Uwe na pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, trafiki wataviulizia. Njiani, kila kijiji ni spidi 50, na tochi iko nyuma ya mwembe wowote. Faida ya kigari kama hiki ni kwamba kikiharibika, fundi yupo. Kuanzia Kibiti hadi Lindi mjini, gereji yoyote imeshafungua injini ya IST mara nyingi, na plagi au mkanda wake unauzwa dukani jirani. Gari la fahari lenye kompyuta nyingi likizima pale Kiranjeranje, kinachofuata ni kuvutwa.

Kutoka Nangurukuru kwenda kusini barabara inapita Kiranjeranje na Mandawa, katika nchi ya mikorosho, ufuta na miombo yenye mpingo. Vijiji vya Kilwa kama Kikole vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa msitu wao, vikiwa vya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Kisha Mbwemkuru, kisha Mchinga, na Lindi inajitokeza kwenye ghuba yake pana unakomalizikia mto Lukuledi. Ni mji mtulivu mno kwa makao makuu ya mkoa. Kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria zilibebwa vichwani na mabegani na wapagazi kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari hii, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, zikapakiwa meli kwenda Ujerumani. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wa wachimbaji, fundi ambaye bila yeye wataalamu wa Kijerumani wangepata shida kubwa. Mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama Berlin hadi leo. Mtu akikodi gari Berlin humwona kwa tiketi.

Akikodi gari Dar es Salaam, Tendaguru ndipo mahali ambapo ushauri wangu wote unafika mwisho. Njia za kwenda kule ni za udongo na mchanga, kama zilivyo za kwenda kwenye mapango ya Umatumbi na ile ndefu ya Liwale inayoanzia Nangurukuru, na kigari cha chini kitaacha sampo yake kwenye kisiki. Kwa siku hiyo moja ya Tendaguru, kiache Lindi kwenye nyumba ya wageni yenye geti, uliza stendi au ofisi ya wilaya nani ana gari la juu linalojua njia, mlipe yeye pamoja na mtu wa kukuongoza kutoka kijijini, na utoke asubuhi na mapema ili urudi kabla ya giza. Bado itakuwa nafuu kuliko kulipia gari kubwa kwa wiki nzima kwa ajili ya siku moja ya mchanga.